Kovu la zamani na homa isiyoisha

Wazazi wenzangu, wiki hii naandika kwa ajili ya mtu aliyepasuliwa, akapona, akarudi shambani na sasa amesahau. Huenda ni wewe mama uliyejifungua kwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Huenda ni kijana wako aliyeanguka na bodaboda, akawekewa chuma mguuni. Huenda ni mtoto aliyepelekwa Dar es Salaam kuzibwa tundu kwenye moyo, ambaye leo anakimbiza ndama na wenzake na hakuna anayekumbuka kwamba kifua chake kiliwahi kufunguliwa.

Ninachotaka kumwambia mtu huyu ni kimoja. Ukipata homa isiyoeleweka, ukaanza kukonda bila sababu, ukawa unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, au kovu likaanza kuuma na kutoa majimaji, usiishie kumwambia daktari kwamba una homa. Mwambie pia kwamba ulipasuliwa, sehemu gani, hospitali gani na mwaka gani. Wako vijidudu vinavyoweza kuingia mwilini siku ile ya upasuaji, vikipitia kwenye vifaa vya hospitali, vikakaa kimya kwa miezi na hata miaka kabla ya kujitokeza.

Kwa nini nasisitiza kusema? Kwa sababu huku kwetu Mbulu na Hanang homa ina wenyewe wengi. Ukitokea bondeni, utapimwa malaria. Ukisema tumbo linauma, utaambiwa taifodi. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi atafikiriwa brusela, na hapo daktari hakosei, ugonjwa huo upo kwenye mifugo yetu. Ukikohoa na kukonda, kinachofuata ni kipimo cha TB. Yote haya ni magonjwa ya kweli na daktari anafanya vizuri kuanza na yanayoonekana kila siku. Shida inakuja pale ambapo dawa ya kwanza haikusaidia, ya pili haikusaidia, na mgonjwa anahama zahanati moja kwenda nyingine, kila mahali akianza upya kama mtu asiye na historia. Kovu liko chini ya shati au gauni, daktari halioni, naye mgonjwa hasemi kwa sababu anaamini yale yalikwisha.

Nianze na mfano wa mbali, kwa sababu ndio uliofundisha dunia jambo hili kwa uchungu.

Moyo unapofanyiwa upasuaji mkubwa, husimamishwa kwa muda na kazi yake hufanywa na mashine. Pembeni ya mashine hiyo kuna nyingine ya kupasha na kupoza, yenye matangi ya maji, inayosaidia kushusha na kupandisha joto la damu ya mgonjwa. Maji yale hayagusi damu wala mwili wa mgonjwa. Yanazunguka kwenye mipira yake na kurudi kwenye tangi. Kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyeyatilia shaka.

Huko Zurich, Uswisi, madaktari waligundua wagonjwa sita waliopasuliwa moyo kati ya mwaka 2008 na 2012 ambao baadaye waliugua kwa kijidudu kimoja kisicho cha kawaida, Mycobacterium chimaera, ambacho ni binamu wa kile cha TB. Kiliishi kwenye maji ya matangi yale. Feni ya mashine ilipozunguka ilirusha mvuke mwembamba hewani, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, na mvuke ukatua kwenye kifua kilichokuwa wazi au kwenye valvu ya bandia iliyokuwa inasubiri kuwekwa. Mgonjwa akashonwa, akapona, akaenda nyumbani. Baada ya miezi, na kwa wengine baada ya miaka, ndipo homa ikaanza.

Marekani nako kukatokea hivyo hivyo. Mwezi Oktoba 2015 hospitali moja ya mji wa York, jimbo la Pennsylvania, iliwaandikia barua watu wapatao 1,300 waliopasuliwa moyo hapo tangu Oktoba 2011, ikiwaeleza hatari hiyo na dalili zake. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Oktoba 2016, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikazitaka hospitali za nchi nzima zilizotumia aina ile ya mashine kuwajulisha wagonjwa wao. Kisha mwaka 2017 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba uliolinganisha vijidudu vya wagonjwa wa nchi mbalimbali. Vilifanana mno, na ushahidi ukaelekeza kwenye kiwanda cha Ujerumani mashine hizo zilikotengenezwa. Maana yake nyingi zilifika hospitali zikiwa tayari na mgeni ndani.

Hatari kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa ndogo. CDC walikadiria kwamba katika hospitali ambazo mgonjwa angalau mmoja alishapatikana, walioambukizwa walikuwa kati ya mmoja kwa 100 na mmoja kwa 1,000. Lakini kwa yule aliyepata, ugonjwa ulikuwa mkali, na karibu nusu ya waliogundulika walifariki. Sababu kubwa ni kuchelewa kugundulika. Wengi walizungushwa kwa muda mrefu wakitibiwa magonjwa mengine, kwa sababu hakuna aliyeunganisha homa ya leo na upasuaji wa mwaka juzi. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa na mgonjwa, kula naye wala kumbeba mtoto wake, hilo nalisema mapema ili mtu asije akatengewa sahani.

Sitaji habari hii kumtisha mzazi ambaye mtoto wake anasubiri kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wala siituhumu taasisi yoyote ya hapa nchini. Mtoto mwenye tundu kubwa kwenye moyo, au mwenye valvu zilizoharibiwa na mafindofindo yasiyotibiwa, anahitaji upasuaji, na kuukwepa ni hatari kubwa kuliko kijidudu hiki. Baada ya yale yaliyotokea, hospitali duniani zilielekezwa kuhamishia mashine hizo nje ya chumba cha upasuaji, au kugeuza feni isipulize upande wa mgonjwa, na kubadilisha namna ya kusafisha matangi. Mzazi ana haki ya kuuliza hospitali inafanya nini kuhusu jambo hilo. Ila ukirudi Dongobesh au Balangdalalu na mtoto wako, halafu baada ya mwaka akaanza homa za jioni na kupungua uzito, daktari wa wilaya anatakiwa asikie neno "moyo" katika sentensi ya kwanza.

Tena kuna kitu kuhusu kipimo. Mashine ya GeneXpert tunayopimiwa TB inatafuta kijidudu cha TB, haimtafuti huyu binamu yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa hana TB, jibu likawa sahihi kabisa, na bado akawa na tatizo ambalo halijatafutwa. Kumpata huyu kunahitaji damu au kipande cha nyama kioteshwe maabara kwa wiki kadhaa, na daktari hawezi kuagiza kipimo hicho kama hajui kwamba kuna sababu.

Hebu sasa tuangalie dumu la maji lililopo nyumbani. Dumu la lita 20 linalochotewa maji kila siku, ukiingiza kidole ndani utakuta utelezi ukutani. Ukilisuuza, utelezi haubanduki. Ukimwaga maji na kuweka mengine, bado upo. Mama zetu wanajua dawa yake: unatia mchanga au changarawe na maji kidogo, unatikisa mpaka mikono inauma. Utelezi ule ni vijidudu vilivyojijengea nyumba. Vimeshikamana na ukuta na kujifunika utando, na dawa inayoua kijidudu kinachoelea peke yake inashindwa kupenya pale. Ndivyo yalivyokuwa matangi ya zile mashine. Ndivyo inavyotokea pia ndani ya mrija mwembamba wa kifaa cha hospitali ambacho hakikusuguliwa vizuri kabla ya kutiwa dawa. Na ndivyo inavyoweza kutokea juu ya chuma kilichobaki ndani ya mfupa.

Hapo kwenye chuma nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tulipo.

Vijana wetu wanavunjika miguu kwa pikipiki kila wiki. Pia hatujasahau tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 100 walijeruhiwa. Baadhi ya majeruhi wa maafa kama hayo, na majeruhi wa barabarani, hutibiwa kwa kuwekewa vyuma. Jeraha lililoingia tope lina hatari zaidi ya maambukizi, hata liwe limesafishwa na fundi wa namna gani.

Wataalamu wanaohesabu maambukizi ya upasuaji huyahesabu ndani ya siku 30. Kwa mtu aliyewekewa kitu mwilini, kama chuma au kiungo cha bandia, zamani walimfuatilia mwaka mzima, na siku hizi kwa aina nyingi za upasuaji ni siku 90. Hizo ni hesabu za takwimu, usizichukue kama ahadi. Mfupa wenye chuma unaweza kuanza kutoa usaha baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu, wa upande wa Hanang, alinieleza habari za mwanawe. Mguu ulipona, akarudi kazini. Baada ya muda pakatokea kijipu juu ya kovu, kikapasuka, kikatoa usaha, kikafunga. Baada ya miezi miwili kikarudi palepale. Kila kikirudi, kijana alipita duka la dawa, akanunua vidonge vya kuua vijidudu, akameza siku tatu, kikakauka. Mara nne. Mara moja alikwenda zahanati akatibiwa jipu, na hakusema kuna chuma ndani. Alivaa suruali ndefu na hakuulizwa. Nilimwambia mama yake ampeleke hospitali yenye daktari wa mifupa, aende na karatasi zake, na asimeze kidonge chochote kabla ya kufika huko.

Sababu ya kutomeza ni hii. Daktari akitaka kujua ni kijidudu gani, atachukua usaha au kipande kutoka ndani, kioteshwe maabara. Ukishameza dawa za duka jana na juzi, vile vilivyo juu vimelewa na havioti, lakini vilivyo kwenye utando juu ya chuma viko salama salimini. Jibu la maabara litarudi kwamba hakuna kitu. Jipu linalorudi palepale juu ya kovu la mfupa lisiitwe jipu mpaka daktari wa mifupa amesema hivyo. Pengine chuma kitahitaji kutolewa, pengine kusafishwa, na hakuna kidonge cha duka kitakachofanya kazi hiyo.

Tuje kwa akina mama. Upasuaji wa kujifungua ndio upasuaji mkubwa unaofanyika mara nyingi kuliko mwingine katika hospitali zetu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom pekee imekuwa ikihudumia watu tangu 1955, wa Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani, na ukiongeza hospitali za wilaya, makovu ya uzazi katika eneo hili ni mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya upasuaji mwezi Novemba 2016 lilisema kwamba barani Afrika hadi mama mmoja kati ya watano wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu akina mama 11 kati ya 100. Hawa wengi dalili zao huja mapema, ndani ya wiki chache, na mara nyingi mama yuko nyumbani tayari, anauguzwa na mama mkwe.

Nyumbani ndipo mambo huharibika. Kuna wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Kuna wanaopaka samli. Kuna wanaofunika kwa kitenge kilekile anachobebea mtoto. Mama mkwe hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya alivyofanyiwa, kwa hiyo ukimkataza mkataze kwa adabu: "Mama, hospitali wamesema kisiguswe kitu mpaka niwarudie." Hospitali ibebe lawama, wewe ubaki na mama mkwe wako. Kidonda kinachotoa harufu, kinachoachia nyuzi, ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu na ya moto, tumbo la chini likiuma pamoja na homa, au uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, ni kurudi siku hiyohiyo. Usisubiri siku ya mnada upate usafiri wa bei nafuu.

Vifaa vingine vinavyoleta maambukizi ni vidogo na tunaviona kila tukilaza mgonjwa. Mpira wa mkojo, kwa mfano. Kila siku unapokaa ndani, nafasi ya vijidudu kupanda hadi kwenye kibofu inaongezeka. Anayemuuguza mgonjwa anaweza kuuliza asubuhi, wakati wa mzunguko wa madaktari, bila kugombana: "Shikamoo dokta. Samahani, huu mpira bado anauhitaji leo?" Swali hilo moja limewatoa wagonjwa wengi mipira iliyosahauliwa. Kanula ya dripu nayo, mkono ukivimba, ukiwa mwekundu au mtoto akilia ukiguswa, mwite nesi hapo hapo. Na mfuko wa mkojo usiwekwe kitandani juu ya mgonjwa ili sakafu ifagiliwe. Ukiinuka juu ya kibofu, mkojo unarudi ndani pamoja na vilivyomo.

Je, mzazi anaweza kujua kama vifaa vilivyotumika ni safi? Kwa sehemu, ndiyo. Vifaa vya upasuaji huoshwa na kusuguliwa kwanza, kisha hufungwa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke wenye nguvu, nyuzi 121 kwa robo saa au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Juu ya furushi huwekwa utepe wenye mistari inayobadilika kuwa myeusi ikipata joto lile. Nesi anapofungua furushi la kushonea kidonda cha mtoto, mistari ile unaweza kuiona. Haitoi uhakika wa kila kitu, lakini mistari ambayo haikubadilika ni jambo la kuuliza. Kutumbukiza kifaa kwenye dawa bila kukisugua ni sawa na kutia dawa kwenye lile dumu lenye utelezi. Brazili ilijifunza hili miaka ya 2000, pale zaidi ya watu elfu moja mjini Rio de Janeiro na maeneo yake walipohofiwa kuambukizwa kijidudu kingine wa ukoo huohuo wa TB baada ya upasuaji wa matundu madogo ya tumbo. Vifaa vilikuwa vimelowekwa kwenye dawa ambayo kijidudu kile kilikuwa kimeizoea.

Na kwa kuwa tunaulizana kuhusu hospitali, tuulizane na sisi wenyewe. Mtoto anayekatwa kimeo na mzee wa kijijini, au anayeng'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki, naye amefanyiwa upasuaji. Kifaa kilichotumika kwake hakijaona mvuke wa nyuzi 121 tangu kitoke dukani, na huenda kimetumika kwa watoto watatu asubuhi hiyo. Meno ya plastiki hayapo. Ni vifuko vya meno ya kawaida yanayojiandaa kuota, na mtoto aliyekuwa anaharisha ataendelea kuharisha akiwa na kidonda mdomoni. Mzazi anayegombana na nesi kuhusu sindano mpya halafu jioni anampeleka mtoto kukatwa kimeo anipe sababu, nitaisoma kwa makini.

Kwa waliofanyiwa mambo hayo, na kwa wote waliopasuliwa, kuongezewa damu au kuchanjwa chale kwa wembe wa kushirikiana miaka ya nyuma, kuna kipimo kimoja chepesi cha kuomba: homa ya ini aina ya B. Kirusi chake kinaweza kuishi juu ya kifaa au damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi, na kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote hadi ini linapochakaa. Watoto wetu wanachanjwa wakiwa wachanga, chanjo hiyo iliingizwa kwenye ratiba ya taifa mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuchanjwa. Ukipimwa ukakutwa huna, unaweza kuchanjwa. Ukikutwa nayo, utafuatiliwa, na watu wa nyumbani mwako watapimwa.

Kuna kundi dogo ambalo nalitaja kwa haraka kwa sababu wanaolihusu wanajijua. Mtu mwenye valvu ya bandia kwenye moyo asing'oe jino kabla ya kumwambia daktari wa meno habari hiyo. Vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu jino linapong'olewa na vinapenda sana kushika kwenye valvu ile. Kwa kawaida mtu huyo hupewa dozi ya dawa kabla ya kung'olewa. Mwalimu wa darasa na bibi anayelea mtoto wajue pia, kwani jino halichagui siku ambayo baba yupo nyumbani.

Sasa turudi kwenye zile barua 1,300 za Pennsylvania. Hospitali ile ilikuwa na jina, anwani na tarehe ya kila mgonjwa. Jiulize, kama hospitali uliyopasuliwa ingegundua leo kwamba kifaa fulani cha mwaka ule kilikuwa na tatizo, ingekupataje? Namba ya simu uliyoandikisha ilikuwa ya shemeji ambaye amehamia Mererani. Jina kwenye faili ni la ubatizo, na kijijini unajulikana kwa jina la nyumbani. Kijiji kimegawanywa na kata imepewa jina jipya. Faili lipo, mtu hapatikani.

Kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali usiwashie jiko. Iwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto na hati ya shamba. Ipige picha kwa simu, umtumie mtu mmoja mwingine wa familia, kwani simu huibiwa na hutumbukia majini. Kama karatasi imepotea, rudi hospitali ukiwa na jina ulilotumia na mwaka, uombe kuandikiwa upya kwa ufupi. Mama uliyejifungua kwa upasuaji, hakikisha habari hiyo inaandikwa kwenye kadi namba 4 ya ujauzito unaofuata, usimwachie nesi akisie kwa kuona kovu. Namba ya simu ikibadilika na bado una miadi, sema pale mapokezi wabadilishe. Weka na namba ya pili, ya jirani au ya balozi.

Wapo wanaosita kusema mbele ya daktari wakiogopa kuitwa wajuaji. Huna haja ya kutaja jina la kijidudu chochote. Inatosha: "Dokta, huyu mtoto alipasuliwa moyo mwaka 2021, na homa hii ina wiki sita." Au: "Huyu ana chuma kwenye paja." Ukishasema hivyo, umefanya sehemu yako, kinachobaki ni cha daktari. Kama mmeshatibu malaria na taifodi mara mbili na homa ipo palepale, ombeni rufaa. Hiyo nayo si ujuaji.

Mwisho kuna wazee wetu. Bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatooga peke yake huletwa hospitali na mjukuu wa darasa la sita, ambaye ndiye mkalimani. Mjukuu anajua bibi ana homa na hali. Hajui kwamba bibi alipasuliwa tumbo kabla yeye hajazaliwa, na bibi hatalitaja jambo la mwili wake mbele ya mtoto, hasa likiwa la uzazi. Kabla ya kuwapandisha gari, mtu mzima mmoja, ikiwezekana mwanamke, akae na bibi amuulize taratibu kwa lugha yake kila upasuaji aliowahi kufanyiwa. Ayaandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, mwaka na hospitali, na karatasi aibebe bibi mwenyewe, imkabidhi daktari bila mjukuu kulazimika kutafsiri.